Nani Avae Jezi? Maneno juu ya Haki katika Kuchagua Wachezaji wa Sekondari

(Hotuba ya mwalimu wa sekondari mbele ya kikao cha wazazi, walimu, vijana na wafanyakazi wa mashirika, kambi ya Dzaleka, Malawi. Imechapwa kwa ombi la Kamati ya Jamii katika toleo la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani.)



Tunaposema "sisi" leo, tunasema kama walimu wa sekondari tunaoshughulika na michezo, si kwa niaba ya taifa wala kabila lolote. Tumeombwa tueleze jinsi wachezaji wa timu za shule watakavyochaguliwa kabla ya mechi na shule za jirani hapa wilayani Dowa. Tungeweza kusoma taratibu tukaketi. Lakini kila msimu jambo hili linaleta maneno, na maneno yasiposemwa kikaoni yanasemwa bombani, kwenye foleni ya maji.

Mnajua yanavyokwenda. Orodha ya majina 18 inabandikwa mlangoni asubuhi. Kabla ya jua kutua imekwisha kuhesabiwa: Wakongo wangapi, Warundi wangapi, Wanyarwanda wangapi, watoto wa Malawi wangapi. Mwenye majina mengi anacheka, mwenye machache ananuna. Ni wachache wanaouliza nani anaweza kupiga krosi kwa mguu wa kushoto.

Wako pia wanaotuambia: "Walimu, watu wanalala njaa, ninyi mnashindania mpira." Tunawajibu kwa heshima, maana wanaouliza hivyo wana sababu. Mkimbizi ni mtu wa orodha. Tangu siku tuliyovuka mpaka tumeishi kwa orodha: ya kuandikishwa, ya mgao, ya mabati, ya ufadhili wa masomo, ya wanaopelekwa nchi ya tatu. Nyingi ya orodha hizo zinatengenezwa mbali nasi, na hata zikiwa za haki hatuoni zilivyotengenezwa. Orodha ya timu ya shule ni moja kati ya chache tunazozitengeneza wenyewe, hapa hapa, mbele ya macho yetu. Kijana wa miaka 16 akionewa katika hiyo, ataamini kwamba hakuna orodha yoyote duniani inayotengenezwa kwa haki, na kwamba njia pekee ni kumjua mtu. Akiisha kuamini hivyo, sisi walimu tutamfundisha nini darasani?

Tuanze na lile gumu, la hesabu ya mataifa. Limependekezwa kwetu kwa nia njema kabisa: kila jumuiya ipewe nafasi zake katika timu, ugomvi uishe. Wanaolipendekeza wanasema, Warundi walipotaka kumaliza vita walifanya nini, si walikubaliana hesabu? Ni kweli. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliweka kwamba katika jeshi la Burundi kabila moja lisizidi nusu, na jambo hilo lilisaidia watu waliokuwa wakiuana kuketi meza moja.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Wazee waliosoma Rwanda miaka ya 1970 na 1980 wanalijua neno iringaniza. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa, na mtoto aliyefaulu mtihani aliweza kubaki nyumbani kwa sababu ya alivyoandikwa kwenye karatasi. Wazee waliotoka Zaire nao wanakumbuka nafasi za chuo kikuu zikigawanywa kwa mikoa. Hatuendi mbali zaidi ya hapo, maana kila mmoja ana lake moyoni. Tunasema tu kwamba jeshi lina bunduki, na watu wana haki ya kuogopa bunduki zote zikiwa mikononi mwa kundi moja. Winga wa kulia hana bunduki. Ana mbio, au hana.

Tena tumfikirie yule kijana atakayeingia kwa hesabu. Pengine angechaguliwa hata bila hesabu, kwa sababu anajua mpira. Lakini siku atakayopoteza pasi, watu wataguna: huyo aliwekwa tu ili Warundi watimie, huyo aliwekwa tu kwa ajili ya Wasomali. Tutakuwa tumempa jezi na kumnyang'anya heshima yake siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sisi walimu tumekataa hesabu ya mataifa katika orodha.

Hata hivyo hatukubali jibu jepesi la wale wanaosema "tumechagua wenye kipaji, basi". Ikiwa orodha imetoka yote ni ya jumuiya moja au ya mtaa mmoja, tuna haki ya kuuliza: ni nani waliokuja kuonekana? Tangazo lilibandikwa wapi, kwa lugha gani? Tangazo la Kiswahili peke yake, lililobandikwa ukutani karibu na nyumba ya kocha, halimfikii mtoto wa Kisomali wala wa Kihabeshi. Halimfikii wala mwanafunzi Mmalawi anayetembea kila asubuhi kutoka kijijini kuja kusoma nasi, ambaye shule hii ni yake kama ilivyo yetu. Hesabu ya mataifa ifanywe mlangoni, siku ya mchujo. Tukiona jumuiya fulani haikuleta hata mtu mmoja, tusimamishe kazi, tukawaulize kwa nini, ndipo tuendelee. Waliokwisha kuonekana wote, kwa mpira ule ule na uwanja ule ule, wachaguliwe kwa miguu yao.

Hilo la kuonekana ndilo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Upendeleo wa wazi, wa kocha kumweka mpwa wake, upo, na kila mtu anauona. Ule usioonekana ndio unaoumiza wengi. Kocha anachagua kati ya anaowajua. Anaowajua ni wanaokuja mazoezini kila jioni. Wanaokuja kila jioni ni wale ambao nyumbani kuna mtu mwingine wa kuchota maji, kukesha na mgonjwa, kuuza vitumbua barabarani. Kijana anayelea wadogo zake watatu kwa sababu wazazi hawapo hawezi kuwa uwanjani saa kumi jioni. Kocha hamjui, na asiyejulikana hachaguliwi. Hapo hakuna mtu aliyefanya ubaya, na kijana amekosa nafasi.

Angalieni mfano wa wenzetu wa Kakuma, huko Kenya. Mwaka 2015 wakimbiaji walitafutwa katika kambi ile kwa mashindano ya mchujo yaliyosimamiwa na taasisi ya Tegla Loroupe, mwanariadha Mkenya mwenye jina katika mbio za marathoni. Msichana mmoja kutoka Sudan Kusini, Rose Nathike Lokonyen, alishauriwa na mwalimu wake ajaribu mbio za kilomita 10. Hakuwa amefanya mazoezi. Alikimbia bila viatu, akawa wa pili. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, ndiye aliyebeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika michezo ya Olimpiki. Timu ile ilikuwa na watu 10, na watano kati yao walikuwa wameishi Kakuma.

Sasa jiulizeni ingekuwaje kama wasimamizi wangesema, tuleteeni majina ya wakimbiaji mnaowajua. Au wangesema, asiye na viatu asisogee. Bendera ile ingebebwa na mwingine. Na tusimsahau yule mwalimu. Kazi yake yote katika habari hii ilikuwa kumwambia mtoto, nenda ukajaribu.

Viatu vinatuleta nyumbani. Hapa kwetu mwenye viatu vya mpira anaonekana mchezaji hata kabla hajagusa mpira, na anayecheza peku anakimbia kwa hadhari, akiogopa mawe na meno ya viatu vya mwenzake. Kisha anaandikwa kuwa ni mwoga. Tumekubaliana kwamba siku ya mchujo wote watacheza sawa: viatu vilivyopo vitakusanywa, na kundi litakaloingia uwanjani litavaa vyote wapate, au litavua vyote. Tunajua mwenye viatu vyake hapendi kuviazima. Tunamwomba avumilie siku mbili.

Jambo la pili linalotusumbua ni umri. Mashindano ya shule yana mipaka ya umri, na karatasi zetu mnazijua. Fungua karatasi ya familia: baba kazaliwa tarehe 1 Januari, mama tarehe 1 Januari, watoto wawili kati ya wanne tarehe 1 Januari. Ukoo mzima umezaliwa sikukuu. Tunacheka, lakini aliyeandikishwa usiku, mpakani, na karani aliyechoka, kwa lugha asiyoijua, anaweza kuwa amepewa miaka miwili zaidi au miwili pungufu. Mtoto wa miaka 15 anazuiwa kwa kuwa karatasi inasema 18, na mwenye ndevu anacheza na watoto kwa kuwa karatasi inasema 16.

Taabu hii si ya wakimbizi peke yao. Shirikisho la mpira duniani, FIFA, lilianza mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria, kupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, ili kuwakamata waliozidi umri. Mashine hiyo hatuna, wala hatuihitaji. Tunachotaka ni kwamba swali la umri lisiamuliwe na mtu mmoja kwa kumtazama mtoto usoni. Kidato anachosoma, ushuhuda wa mzazi na wa mzee wa mtaa, na karatasi, vyote viwekwe pamoja mezani. Na mzazi akijua karatasi ina kosa, aanze mapema kuomba irekebishwe. Asingoje wiki ya mechi.

Lakini hata kati ya watoto wa umri halali kuna udhalimu wa kimya ndani ya miezi. Mwaka 1985 mtafiti Roger Barnsley na wenzake walitoa uchunguzi juu ya vijana wa Kanada wanaocheza hoki ya barafuni. Waliona kwamba katika timu bora waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka walikuwa wengi sana kupita waliozaliwa mwishoni. Sababu ni rahisi. Watoto walipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa kuanzia Januari, na wa Januari anamzidi wa Desemba karibu miezi kumi na miwili. Katika utoto hiyo ni nguvu nyingi na urefu mwingi. Kocha anaona mwili mkubwa, anasema ni kipaji. Anampa mazoezi zaidi na mechi zaidi, na baada ya miaka michache kweli anakuwa bora. Mdogo amekwisha kukata tamaa zamani. Hapa kambini, ambako mmoja amekula vizuri na mwingine ameishi kwa mgao uliopunguzwa, tofauti ya miili ni kubwa zaidi, na haisemi lolote juu ya nani atakuwa mchezaji baada ya miaka mitatu.

Vijana wanaopenda mpira wa kikapu wanamjua Michael Jordan. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Laney mjini Wilmington, Marekani, hakuingia timu ya kwanza ya shule. Nafasi ya mwanafunzi wa darasa lake ilikwenda kwa mwenzake Leroy Smith, aliyekuwa mrefu zaidi, kwa kuwa timu ilihitaji urefu. Habari hii husimuliwa kama habari ya kocha kipofu, nasi hatuoni hivyo. Kocha alikuwa na sababu, na sababu ilijulikana. Kilichotugusa ni kwamba kulikuwa na timu ya pili. Jordan alicheza humo mwaka mzima, mechi halisi zenye mwamuzi na magoli ya kuhesabiwa, akarefuka, na mwaka uliofuata akapanda. Aliyeachwa hapa kwetu anakwenda wapi? Anarudi nyumbani, anaketi chini ya mti na waliomaliza shule bila kazi.

Ndiyo maana tumeamua kuwe na timu ya pili kwa mpira wa miguu, mpira wa pete na mpira wa wavu, zenye ratiba yao dhidi ya timu za mitaa. Tunawaomba wafadhili mliopo hapa: mkiwa na fedha za jezi seti moja tu, tupeni badala yake mipira minne. Jezi zinapendeza kwenye picha, lakini mipira minne inacheza watoto themanini.

Juu ya wasichana tutasema machache, ingawa yangestahili kikao chao. Tuko katika nchi ambayo timu yake ya taifa ya mpira wa pete, Malkia wa Malawi, inajulikana duniani. Temwa Chawinga, aliyetoka wilaya ya Rumphi kaskazini mwa nchi hii, mwaka 2024 alifunga magoli 20 katika ligi ya wanawake ya Marekani akiwa na Kansas City, akawa mchezaji bora wa ligi. Basi mzazi asituambie kwamba mpira haumfai binti. Wengi hamsemi hivyo. Mnasema tu, "amalize kazi kwanza". Kazi inaisha giza likiingia. Mchujo wa wasichana utafanywa Jumamosi asubuhi, na tumeomba kina mama wa Kamati wapite nyumba kwa nyumba wiki nzima kabla, ili siku hiyo kaka zao wachote maji. Hatutachagua timu ya wasichana kutokana na wale watano tu waliopata ruhusa.

Kuna jambo ambalo wageni wetu wa mashirika pengine hawalioni. Mechi ya nje ya kambi inataka kibali. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake, na moja linahusu uhuru wa kutembea. Sisi ni wageni, tunaheshimu sheria ya nchi. Lakini desturi ya timu nyingi hapa kambini ni kupeleka majina siku mbili kabla ya safari. Mwenye karatasi kamili anapita. Mwenye karatasi iliyopotea au jina lililokosewa herufi anabaki, na nafasi yake anapewa mwingine aliye tayari. Hapo timu imechaguliwa na karatasi. Majina yetu yatapelekwa wiki tatu kabla, na tunaomba ofisi husika itujibu mapema ili mwenye kasoro apate muda wa kuirekebisha. Akishindwa kabisa, atacheza mechi zote za nyumbani. Hatafutwa katika timu.

Kocha mmoja ametuuliza waziwazi: mkifanya haya yote na tukafungwa, mtasema nini? Tumemjibu kwamba inawezekana tukafungwa. Klabu inaundwa ili ishinde. Shule inafundisha, na kushinda ni sehemu ya mafundisho, ila si yote. Wala hatumnyang'anyi kocha kazi yake. Nani aanze, nani akae benchi, nani apige penalti, hayo ni yake, na wazazi wasimfuate nyumbani usiku kwa ajili hiyo. Kinachotoka mikononi mwake ni kuwachagua wale 18 peke yake. Watachaguliwa na watu watatu: yeye, mwalimu mmoja asiye wa michezo, na mtu mmoja wa kutoka nje ya shule anayejua mpira. Vijana watavaa namba vifuani, na waamuzi wataandika namba, si majina. Tunajua kambi ni ndogo na nyuso zinajulikana. Namba haifichi uso, lakini inamlazimisha mwenye kalamu aandike alichokiona mguuni.

Wengine wameuliza kama aliyefeli darasani acheze. Sisi tunasema acheze, mradi anahudhuria. Kumnyima mpira aliyefeli ni kumwondolea kilichokuwa kinamleta shuleni.

Na zawadi, jamani. Kuku wa mzazi abaki kwake mpaka orodha itoke. Baada ya hapo akimleta, tutamla pamoja na timu nzima.

Asiyechaguliwa ataambiwa sababu na waamuzi kwa mdomo, si kwa kuona jina halipo mlangoni. Kila mmoja atapewa dakika zake, ndani ya wiki moja, mzazi akitaka awepo. "Bado unakimbia na mpira mbali na mguu" ni neno ambalo mtoto anaweza kwenda nalo mazoezini. "Hukufaa" halimsaidii kitu.

Mchujo wa wavulana ni Jumamosi mbili zijazo alasiri, wa wasichana ni Jumamosi hizo hizo asubuhi. Matangazo yatasomwa kwa Kiswahili, Kichewa, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kiamhara, makanisani, misikitini na kwenye mabomba yote. Tunahitaji watu wawili wa kutafsiri, na mtu wa tatu wa kuhukumu mpira wa wavu, ambaye bado hatujampata. Anayeweza atuone hapa mbele baada ya kikao. Mwenye viatu vya kuazima aandikishe namba ya mguu kwa mwalimu wa zamu kabla ya Ijumaa.